Kani ndiyo inayochora njia ya chembe, au ni velositi ya awali?

#1 Mlandege
Habari zenu wakuu. Naleta hoja, mnaopinga leteni namba.

Njia ya chembe inaamuliwa na kani peke yake. Velositi ya awali (kasi pamoja na mwelekeo wa kuanzia) inabadilisha muda wa kufika tu. Embe likikatika tawini linashuka wima. Jiwe ulitupe utakavyo, litaishia chini. Mwezi unavutwa na dunia, nao haubanduki kwenye dunia. Chembe inakwenda inakovutwa, basi.

#2 BintiMsasani
Mlandege, ni kinyume kabisa. Chukua ghorofa lenye kimo cha mita 20, hewa tuiweke kando kwanza. Kokoto A liachie tu. Kokoto B lisukume mlalo kwa 15 m/s. Muda wa kufika chini ni t = √(2h/g) = √(40/9.8) = sekunde 2.02, kwa yote mawili. A limeangukia mguuni pa ukuta, B limeangukia mita 30.3 mbele na limechora kipande cha parabola.

Kani ileile, muda uleule, njia mbili. Umesema velositi ya awali inabadilisha muda na haigusi njia. Hapa imebadilisha njia na haikugusa muda.

#3 Tarakimu
Naongezea #2. Kani haiiambii chembe iende wapi, inaiambia velositi yake ibadilike vipi. Ndiyo maana F = ma ina mchapuko ndani yake. Velositi haimo. Sasa igawe kani vipande viwili: kile kinacholala sambamba na velositi kinaongeza au kupunguza kasi, na kile kilicho pembemraba nayo kinapinda njia. Ukali wa kona unapimwa hivi:

R = v² / a(pembemraba)

R ni nusukipenyo cha duara linaloikumbatia njia pale chembe ilipo. Mfano, jiwe limerushwa kwa 20 m/s, pembe ya digrii 60 kutoka mlalo. Mwanzoni, kipande cha g kilicho pembemraba na velositi ni 9.8 × cos 60 = 4.9, kwa hiyo R = 400/4.9 = mita 81.6. Kileleni kasi imebaki 10 m/s ya mlalo na g yote iko pembemraba, R = 100/9.8 = mita 10.2. Uvutano haukubadilika hata chembe, lakini kona imekuwa kali mara nane. Kilichobadilika ni velositi.

#4 Mlandege
Nimekuelewa Tarakimu, ila bado. Umetupa 60, mwingine 30, mwingine mlalo, zote zimetoka parabola. Kwa nini hazijatoka duara? Kwa sababu kani ni ya aina moja, ya kushuka chini bila kubadilika. Umbo ni la kani.

#5 Kipimapembe
Hapo kuna ukweli nusu. Sheria ya kani inatoa ukoo mzima wa njia zinazowezekana, na masharti ya mwanzo (mahali na velositi) yanachagua moja ndani ya ukoo. Chini ya g isiyobadilika, ukoo ni parabola. Ukianza na velositi sifuri, au iliyo wima kamili, parabola inabanwa mpaka inakuwa mstari mnyoofu. Embe lako #1 ni kisa hicho, umechukua mtoto mmoja ukamwita ukoo.

Kwa vitu vya kurushwa umbali ni v² sin 2θ / g. Kwa 20 m/s, digrii 45 zinakupa mita 40.8, na 30 na 60 zinalingana kwa mita 35.3. Daima 45 ndiyo inayofika mbali zaidi.

#6 Mnyiri
Swali la haraka. Jiwe likirushwa wima, kileleni velositi ni sifuri. Kani nayo si sifuri?

#7 BintiMsasani
Hapana. Kani ni mg ileile, mchapuko ni 9.8 kushuka. Kama kani ingekuwa sifuri pale, jiwe lingebaki hewani.

#8 Voo_la_Ngomeni
Kipimapembe, "daima" iondoe. 45 ni pale tu kitu kinapoondoka na kutua kwenye usawa mmoja, tena bila hewa. Tufe linaondoka mkononi kwa kimo cha mita 2 hivi. Kwa 13 m/s na kimo cha mita 2.1, pembe bora ni ile ambayo tan θ = v/√(v² + 2gh) = 13/14.5, yaani digrii 42. Na watupaji wazuri wanatupa chini ya hapo bado, kwenye thelathini na kitu, kwa sababu mwili unasukuma kwa kasi kubwa zaidi pembe inapokuwa ndogo. Velositi inaingia kwa mraba, kwa hiyo ukipata nusu mita kwa sekunde ya ziada, digrii tano ulizopoteza hazikuumizi.

Nirudi kwenye #4, "kwa nini hazijatoka duara". Zinatoka! Parabola ni makadirio ya masafa mafupi, pale ardhi inapoonekana bapa. Fanya kani ielekee kitovu cha dunia, ipungue kwa mraba wa umbali, kisha kaa kilomita 500 juu ya ardhi na usukume mlalo:

7.4 km/s: duaradufu ambayo upande wake wa pili unapita ndani ya ardhi. Umeanguka.
7.5 km/s: upande wa pili unashuka hadi kilomita 107 hivi. Hewa ya huko inatosha kukuangusha.
7.61 km/s: duara.
8.0 km/s: duaradufu, upande wa pili unapanda hadi kilomita 2,100.
10.77 km/s: parabola, huna kurudi.
Zaidi ya hapo: haipabola, njia iliyo wazi kuliko parabola.

Angalia 7.5 na 7.61. Tofauti ni takriban 110 m/s, ndogo kuliko kasi ya ndege ya abiria, na ndiyo inayotenganisha setilaiti na kimondo. Kani katika sehemu ya kuanzia ni ileile kwa zote sita.

#9 Mnyiri
Kwa hiyo roketi hazipandi juu, zinakwenda pembeni?

#10 Voo_la_Ngomeni
Zinapanda kidogo ili kutoka kwenye hewa nzito, kisha sehemu kubwa ya mafuta inakwenda kwenye kasi ya mlalo. Kufika kimo cha kilomita 500 pekee ni kazi ndogo ukilinganisha na kupata 7.6 km/s.

Ndiyo sababu Waitalia waliweka jukwaa la kurushia roketi la San Marco baharini Ngomeni, karibu na Malindi, kwenye latitudo ya digrii 2.9 kusini. Ukirusha kuelekea mashariki kutoka pale, mzunguko wa dunia unakupa 464 m/s bure. Cape Canaveral, digrii 28.5 kaskazini, wanapata 409 hivi. Setilaiti ya Uhuru ilirushwa Ngomeni tarehe 12 Desemba 1970 kwa roketi ya Scout, siku ya Jamhuri, ndipo ilipopata jina.

#11 Kipimapembe
Tofauti ya 55 m/s isingewafanya watu wajenge jukwaa baharini. Na kama sikosei mitambo ile ilirusha Uhuru kisha ikafungwa.

#12 Voo_la_Ngomeni
Ya pili si kweli. Urushaji ulianza pale Aprili 1967 na San Marco 2, na wa mwisho ulikuwa Machi 1988. Uhuru iko katikati.

Ya kwanza uko sahihi, 55 m/s si sababu kubwa. Sababu kubwa ni mwelekeo wa velositi. Kani ya uvutano inaelekea kitovu cha dunia, kwa hiyo iko ndani ya bapa lililo na kitovu na velositi yako. Hakuna kani inayokusukuma nje ya bapa hilo, basi utabaki ndani yake. Ukirusha kutoka digrii 28.5, bapa lako haliwezi kuinama chini ya digrii 28.5 kutoka ikweta. Ukitaka kulileta kwenye ikweta ukiwa obiti ya chini unalipa 2v sin(i/2) = 2 × 7.6 × sin 14.25 = 3.74 km/s, karibu nusu ya kasi yote ya obiti. Kutoka Ngomeni hulipi hata kitu ukikubali digrii 3, na Uhuru ilikaa kwenye digrii hizo. Darubini ya eksirei inataka kuwa karibu na ikweta ili ikwepe sehemu kubwa ya chembe zenye chaji zilizonaswa juu ya Atlantiki ya kusini.

#13 Mlandege
Mnaona? "Hakuna kani inayokusukuma nje ya bapa." Kani ndiyo imeamua ubaki.

#14 BintiMsasani
Na bapa lenyewe limechaguliwa na nani? Mlandege hataki kushuka ngazi 😄

#15 SafuSaba
Kwa wanaotaka kujionea, hii inafanyika kwenye Excel bila programu nyingine. Tumia vizio rahisi: GM (ukubwa wa mvuto wa kitovu) = 1, anza kwenye umbali 1.

Safu ni saba: A muda, B x, C y, D vx, E vy, F ax, G ay. Mstari wa 2: x = 1, y = 0, vx = 0, vy = 1. F2 andika =-B2/(B2^2+C2^2)^1.5 na G2 =-C2/(B2^2+C2^2)^1.5. Mstari wa 3: A3 =A2+0.01, D3 =D2+F2*0.01, E3 =E2+G2*0.01, kisha B3 =B2+D3*0.01 na C3 =C2+E3*0.01. Nakili F na G kushuka, kisha buruta mstari wa 3 mpaka 1,600. Chora B dhidi ya C kwa chati ya nukta. Mizani ya mhimili wa x na y iwe sawa, la sivyo duara litaonekana duaradufu na utaanza kutafuta kosa lisilokuwepo.

vy = 1 inatoa duara, linafunga kwenye muda 6.28. Weka 1.2: duaradufu, mwisho wa mbali ni 2.57, inafunga kwenye 15.0. Weka 0.8: inashuka hadi 0.47 upande wa pili. Weka 1.42 na haitarudi, kwa sababu mpaka ni √2.

Mitego miwili. Kwanza, ukianza na pembe, Excel inasoma radiani. =SIN(60) inakupa −0.305, jiwe lako litaanza kwa kuzama ardhini. Andika =SIN(RADIANS(60)). Pili, B3 itumie D3, velositi mpya. Ukitumia D2, obiti inafunguka nje polepole.

#16 Mnyiri
Kwa nini ifunguke? Hatua ya 0.01 ni ndogo sana.

#17 SafuSaba
Kwa sababu ukitumia velositi ya zamani, kila hatua unakwenda kwenye mstari unaogusa duara, na mstari huo daima unaishia nje ya duara. Kosa lina mwelekeo mmoja, halijifuti. Kupunguza hatua kunachelewesha tu. Ukitumia velositi mpya kwenye mahali, makosa ya nusu mzunguko mmoja yanafutana na ya nusu nyingine, nishati inapanda na kushuka kidogo bila kukimbia.

#18 Mnyiri
Asante. Sasa mbona hatujagusa sumaku? Elektroni kwenye uga wa sumaku, kani = qvB sin θ (q ni chaji, v kasi, B uga, θ pembe kati ya velositi na uga). Ikiwa imetulia, kani ni sifuri. Ikienda sambamba na uga, sifuri. Hapa velositi ya awali inaamua hadi kama kani ipo! Ikiingia kwa pembemraba inazunguka duara, na ya kasi zaidi inachukua muda mrefu zaidi kumaliza duara lake maana ni kubwa.

#19 Tarakimu
Yote sawa isipokuwa mwisho. r = mv/(qB), duara linakua sawia na kasi, lakini chembe nayo inakimbia sawia na kasi. Muda wa mzunguko T = 2πm/(qB), v imejifuta. Elektroni yenye 1,000,000 m/s kwenye uga wa tesla 0.01: r = milimita 0.57, T = nanosekunde 3.6. Mara mbili ya kasi, r = 1.14, T ileile. Saiklotroni (mashine za kuongezea chembe kasi kwa kuzizungusha) za mwanzo ziliwezekana kwa sababu hiyo, unabadilisha voltej kwa mdundo mmoja tu. Chembe inapokaribia kasi ya nuru mdundo unapotea.

Na ikiingia kwa pembe ya digrii 30 na uga, velositi igawe: kipande sambamba, 866,000 m/s, hakiguswi, kipande cha pembemraba, 500,000 m/s, kinazunguka. Jumla ni njia ya springi yenye nusukipenyo cha milimita 0.28 na hatua ya milimita 3.1 kila mzunguko. Kwa hiyo uga uleule una mstari, duara na springi.

#20 SafuSaba
Kwa atakayejaribu hiyo kwenye jedwali la #15: hapa njia ya zamani inaua kabisa. Kani ya sumaku haiongezi kasi kamwe, iko pembemraba na velositi. Lakini hatua ya kawaida inaizidisha kasi kwa √(1 + (ωΔt)²) kila mara, ω ikiwa qB/m. Kwa ωΔt = 0.1, mzunguko mmoja ni hatua 63 hivi na kasi imepanda kwa asilimia 37. Chembe imepata nishati hewani. Dawa ni kuizungusha velositi badala ya kuijumlisha. Bapani: vx mpya = vx cos(ωΔt) + vy sin(ωΔt), vy mpya = −vx sin(ωΔt) + vy cos(ωΔt), alama ikigeuka kwa chaji ya upande mwingine. Kama kuna uga wa umeme pia, jumlisha nusu ya msukumo wake, zungusha, kisha jumlisha nusu iliyobaki. Hiyo ndiyo mbinu ya Boris ya mwaka 1970.

#21 Kipimapembe
Mnaruka kwenye elektroni wakati mpira wa miguu haujaisha. #2 aliweka hewa kando. Tuirudishe. Mpira wa kilo 0.43, eneo la mita za mraba 0.038, mgawo wa ukinzani 0.25, hewa ya Mombasa kilo 1.17 kwa mita ya ujazo. Kwa 30 m/s ukinzani ni ½ × 1.17 × 0.25 × 0.038 × 900 = nyutoni 5.0. Uzito wa mpira ni 4.2. Yaani hewa inauvuta kuliko dunia, na watu wanachora parabola! Nairobi hewa ni 1.0 hivi, ukinzani 4.3. Ndiyo maana shuti la mbali huko linafika na nguvu zaidi. Wanaosema ni kwa sababu Nairobi uvutano ni mdogo, tofauti hiyo haifiki hata asilimia moja.

Na hapa hata saa ya #2 inavurugika. Ukinzani unategemea kasi nzima, kwa hiyo kokoto lenye kasi ya mlalo linazuiwa zaidi hata kwenye mwendo wake wa wima. B litachelewa kidogo kuliko A.

#22 BintiMsasani
Kweli, na ndipo wengi wanapokosea kwenye jedwali. Wanaandika ax = −k·vx² na ay = −g − k·vy². Makosa mawili kwa mpigo: kasi nzima haimo, na mpira unapoanza kushuka, vy² inabaki chanya na hewa "inausukuma" chini. Sahihi ni ax = −k·v·vx na ay = −g − k·v·vy, v ikiwa kasi nzima √(vx² + vy²) na k = ρCA/2m. Kwa namba za #21, k = 0.0129.

Pia 0.25 si ya kudumu. Kasi ikishuka, mgawo unapanda ghafla karibu na 0.5, na mpira unaonekana kama umefunga breki.

#23 Mlandege
Na friikiki ya Roberto Carlos dhidi ya Ufaransa, Lyon, Juni 1997? Mpira ulitoka nje ya goli ukarudi. Hiyo ni kani tupu ya mzunguko wa mpira.

#24 Tarakimu
Kani ya Magnus, ndiyo. Lakini mzunguko wenyewe alitoa nao mguuni, ni sharti la mwanzo kama velositi. Na irudishe R = v²/a: mpira unapopungua kasi, v² inaanguka haraka kuliko kani ya pembeni, kona inazidi kukaza. Ndiyo maana ulionekana kupinda mwishoni. Ungepigwa taratibu ungepinda mapema na kugonga ukuta wa wachezaji.

#25 Voo_la_Ngomeni
Kwa upande wa Mlandege kuna mkuki. Uwe Hohn alitupa mita 104.80 mwaka 1984. Kuanzia 1986 mkuki wa wanaume ukasogezwa kitovu cha uzito sentimita 4 mbele, ili uiname mapema na kutua kwa ncha. Mikono ileile, kasi ileile, umbali ukapungua. Ilibadilishwa kani ya hewa, watupaji hawakuguswa. Mita 92.72 za Julius Yego kule Beijing 2015 ni za mkuki huo mpya.

#26 Kipimapembe
Nami nampa Mlandege moja ya angani. Obiti ya Utaridi inageuka polepole, na sekunde za tao 43 kwa karne hazikuelezeka kwa sheria ya Newton. Hakuna velositi ya awali ungeweza kuchagua ikakupa hizo 43. Ilibidi sheria yenyewe ibadilike, Einstein, 1915. Mtoto anachaguliwa, lakini ukoo hauchagui yeye.

Mimi hata hivyo sianzi na kani. Naanza na nishati na momenta ya mzunguko (kipimo cha mwendo wa kukizunguka kitovu). Hizo mbili zinakaa bila kubadilika na zinakuambia papo hapo: nishati hasi, duaradufu, sifuri, parabola, chanya, haipabola. Hesabu ya #8 yote inatoka kwenye mistari miwili.

#27 BintiMsasani
Inatoka kwa sababu uvutano hauibi nishati. Weka hewa ya #21 na mistari yako miwili haikupi njia, unarudi kwenye jedwali.

#28 Mnyiri
Basi niwape kisa kimoja mniambie nani kaamua. Uga wa umeme 1,000 V/m, uga wa sumaku tesla 0.01, viko pembemraba. Elektroni inaingia pembemraba na vyote viwili kwa E/B = 100,000 m/s, upande unaofanya kani mbili zipingane. Inakwenda mstari mnyoofu. Mwanafizikia J. J. Thomson alitumia mpangilio huu mwaka 1897.

#29 Mlandege
Kani ya jumla ni sifuri, ndiyo maana imenyooka. Kani imeamua. Nimemaliza.

#30 Tarakimu
Na kani imekuwa sifuri kwa sababu ya velositi iliyoingia nayo. Iachie elektroni hiyohiyo ikiwa imetulia, uga usiguse. Itachora saikloidi: inapanda, inapinda, inarudi kusimama kabisa, inaanza tena. Kimo cha kila tao ni milimita 0.114, urefu wake 0.357, kileleni ina 200,000 m/s. Ukiiingiza kwa 50,000 m/s kimo cha mawimbi kinapungua na haisimami. Ukiiingiza kinyumenyume inachora vitanzi. Wastani wa mwendo wa zote ni 100,000 m/s kuelekea upande mmoja.

#31 Mlandege
Wastani ni mmoja kwa zote. E/B. Hiyo si velositi ya awali, hiyo ni kani.

#32 SafuSaba
Ukiiendesha hiyo kwa mbinu ya #20, weka hatua ya nanosekunde 0.05 au ndogo zaidi, na uanze na kisa cha #28. Mstari ukipinda, alama ya q kwenye mzunguko au kwenye msukumo wa umeme iko upande usio wake. Irekebishe hiyo kwanza ndipo uende kwenye saikloidi.